Baraza, Shauri na Mahakama: Habari za Mahali pa Hukumu katika Nchi ya Buha

Kila taifa lina mahali pake pa kukatia magomvi, na neno ambalo watu hupaita mahali hapo laweza kutuonyesha wanatazamia nini waendapo huko. Katika nchi ya Buha, yaani zile nyanda za juu za Kasulu na Kibondo zilizo kati ya Ziwa Tanganyika na mpaka wa Burundi, mtu mwenye madai aweza kusema kwamba aenda barazani, au kwamba ana shauri, au kwamba aitwa kortini, au kwamba jambo lake liko mahakamani. Maneno haya manne hayakuzaliwa milimani. Yalitoka nje, kila moja kwa wakati wake, na kila moja lilikuja na namna yake ya kukaa, ya kusema na ya kuamua. Twataka kuyaeleza moja moja, na katika kuyaeleza kuonyesha jambo lililo kubwa kuliko maneno: ni nani aliyepewa nafasi ya kusema mahali hapo, na ni nani aliyesemewa na wengine.

Ili maelezo yetu yasielee hewani, tutatwaa mfano mmoja na kwenda nao mpaka mwisho. Si habari ya mtu fulani, bali ni jambo lililowapata wengi. Mwanamke wa milima ya Muhambwe ameolewa kwa mahari iliyotimia. Mumewe amesafiri kwenda kutafuta mali, naye hajaleta salamu wala fedha kwa miaka sita. Mwanamke ataka kujua kama yeye ni mke wa mtu au si mke wa mtu. Je, ampelekee nani neno lake?

Tuanze na neno la kwanza. Katika miji ya pwani, kama Lamu na Unguja, baraza ni kibao cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba upande wa mbele, au ukumbi ulio wazi mbele ya mlango. Hapo mwenye nyumba hukaa na wageni wake bila kuwaingiza ndani kwa watu wake. Asili yake huhusishwa na neno la Kiarabu lenye maana ya kutokea nje na kuonekana. Kutoka kibao, jina likahamia kwa watu waliokaa juu yake. Kutoka watu hao, likahamia kwa kazi waifanyayo, yaani kusikiliza na kukata maneno. Hata sarufi yenyewe yashuhudia safari hiyo: wengi husema baraza ya nyumba, lakini husema baraza la wazee.

Shauri nalo latoka katika Kiarabu, nalo maana yake ya kwanza ni kuulizana maoni. Twasema kushauriana, mshauri, na kuomba shauri. Basi watu walipoanza kuliita gomvi lenyewe shauri, walidhihirisha kwamba gomvi ni jambo linalotaka vichwa vingi. Mahakama, hakimu, hukumu na hekima ni watoto wa shina moja la Kiarabu. Mwenye kuhukumu ilimpasa awe mwenye hekima. Korti na kesi ni maneno ya Kiingereza, nayo yalikuja pamoja na karani, mhuri na kitabu.

Lakini Kiswahili kina maneno yake ya Kibantu pia, na haya yafaa yasisahauliwe. Kuamua, kabla ya kuwa neno la hakimu, ni kuwatenga watu wanaopigana. Mwamuzi ni yule aingiaye katikati. Kukata shauri ni kulimaliza, kama mtu akatavyo kamba. Nao Warundi, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiha, husema guca urubanza, maana yake ni hiyo hiyo, kukata shauri. Na hakimu kwao ni umucamanza, mkata mashauri. Wazee wao waamuzi waliitwa abashingantahe, yaani wenye kusimika intahe, na intahe ni fimbo ya uamuzi ambayo mzee huigonga chini anenapo. Hivyo twaona kwamba watu wa milima hii na watu wa pwani, ingawa walikuwa mbali sana, waliona hukumu kwa macho yanayofanana: ni kuingia kati ya wagomvi na kukata kilichowafunga.

Sasa tutazame Buha ya zamani. Nchi haikuwa chini ya mtawala mmoja. Kulikuwa na tawala kadhaa, kama Heru na Luguru upande wa Kasulu, na Muhambwe na Buyungu upande wa Kibondo, kila moja ikiwa na Mwami wake. Mwami alitawala kwa mikono ya batware, ambao katika Kiswahili cha huko waliitwa watwale. Chini yao, na kwa maana nyingine kabla yao, walikuwapo abateko, wazee wa kale wenye dhamana ya ardhi na matambiko yake. Kwa hiyo gomvi la shamba halikuwa na njia moja na gomvi la ng'ombe. La kwanza lilimgusa mteko, kwa kuwa ardhi ilikuwa na wenyewe wa kuinenea, na la pili laweza kupanda kwa mtwale na hata kwa Mwami, kwa kuwa ng'ombe walifunga watu wadogo na wakubwa kwa mapatano ya utumishi.

Hapakuwa na nyumba iliyojengwa kwa ajili ya hukumu peke yake. Mashauri ya ukoo yalisikiwa uani, katika urugo wa mkubwa wa ukoo. Uzuri wa desturi hiyo ni kwamba waamuzi waliwajua watu na mizizi ya ugomvi wao, na ya kwamba hukumu haikuisha mpaka wagomvi wamekunywa pombe ya chungu kimoja mbele ya mashahidi. Mtu aliyekunywa hivyo kisha akarudia ugomvi alijiaibisha mbele ya watu wote waliomwona. Haikuhitajiwa karatasi, kwa sababu macho ya majirani ndiyo yaliyokuwa kitabu.

Lakini yule mwanamke wetu je? Hapa yatupasa kusema kweli. Kwa kawaida hakusema mwenyewe. Neno lake lilisemwa na baba yake au ndugu yake wa kiume, nao hao ndio waliopokea mahari. Kama mahari ilikuwa majembe na mbuzi, huenda majembe yamekwisha kulika kwa kulima, na mbuzi wamekwisha kutolewa ili ndugu yake naye apate mke. Kumtaka aachwe kulikuwa ni kutaka mahari irudi. Na ndugu asiye na cha kurudisha alimshauri dada yake avumilie. Baraza lilimwona, kwa maana alikuwa amekaa pale pale uani, lakini halikumsikia. Wale wanaosifu desturi za kale bila kutaja jambo hili hawazisifu kwa haki.

Neno baraza lilifika karibu na Buha pamoja na wafanya biashara wa pwani waliofanya makao Ujiji. Burton na Speke walipofika huko Februari 1858, Ujiji ilikuwa tayari mahali pa watu wa pwani. Na Stanley alipomkuta Livingstone huko mwaka 1871, wawili hao walikaa wakazungumza chini ya upenu mpana wa nyumba, juu ya kikalio cha udongo, mbele ya watu waliokusanyika kuwatazama. Mtu wa pwani angeliita mahali hapo baraza bila kufikiri.

Wajerumani walipoingia, waliitawala nchi kwa Kiswahili, nao wakalitwaa neno shauri hata katika lugha yao wenyewe. Waliandika Schauri, wakimaanisha siku ya kusikiliza madai ya wenyeji. Afisa aliketi bomani, wenye madai wakasimama mbele yake, mkalimani akatia maneno ya mmoja katika sikio la mwingine. Angalieni jinsi neno lilivyogeuka. Shauri lililokuwa maana yake kuulizana maoni sasa likawa ni kumsikiliza mtu mmoja akitoa amri. Tena Kiswahili chenyewe, ambacho kwetu sisi ni lugha ya nyumbani, kwa mzee wa mlimani kilikuwa lugha ya ugenini. Mtu aliyekuwa msemaji hodari katika Kiha alionekana mpumbavu alipofika bomani.

Mwaka 1916, katika vita kuu ya kwanza, Wabelgiji waliitwaa nchi hii, wakaishika mpaka 1921, ndipo ikaingia mikononi mwa Waingereza pamoja na sehemu nyingine za Tanganyika. Nao Wabelgiji walilijua neno letu, kwani katika Kongo ukumbi wa nyumba huitwa barza mpaka leo. Waingereza hawakulitupa, kinyume chake, waliliingiza katika maandiko yao ya serikali, na afisa aliyekwenda kuzungumza na watu aliandika kwamba amefanya baraza.

Badiliko kubwa lilikuja kwa sheria mbili. Sheria ya 1926 iliwapa watawala wa wenyeji mamlaka chini ya serikali, kama alivyotaka Gavana Donald Cameron. Sheria ya 1929 ikaweka mahakama za wenyeji, na rufani zake hazikwenda Mahakama Kuu bali zilipanda kwa afisa wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, mpaka kwa gavana. Mawakili hawakuruhusiwa kuingia humo. Hivyo Mwami na watwale wakawa mahakimu kwa cheti cha serikali. Palihitajiwa sasa nyumba, meza, karani, ada ya kufungulia kesi, na kitabu cha kuandikia hukumu. Ukumbi wa mbele, yaani baraza ya nyumba, ukabaki kuwa mahali pa kungojea, na baraza la wazee likaingia ndani.

Ilikuwa katika miaka hiyo kwamba jambo la mwanamke wetu liliongezeka kuliko zamani. Nyanda za juu za Kigoma zilitoa wanaume wengi kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Walioandikishwa waliitwa manamba, kwa sababu kila mtu alipewa namba yake. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chama chao cha kuwatafuta vibarua, kilichojulikana kwa jina la SILABU. Mapatano yalikuwa ya muda uliowekwa, lakini wengine hawakurudi muda ulipokwisha. Mtaalamu Margot Lovett, aliyechunguza habari za ndoa katika Buha ya miaka ya 1943 hata 1960, ameonyesha jinsi safari hizo zilivyotikisa mambo kati ya wazee na vijana, na kati ya waume na wake.

Basi mwanamke aliyeachwa miaka sita alikuwa na mlango ambao mama yake hakuwa nao. Aliweza kwenda kwenye korti, akalipa ada, jina lake likaandikwa kitabuni kuwa mdai. Hilo si jambo dogo. Lakini waliokaa nyuma ya meza walikuwa wazee wale wale, na swali lao la kwanza lilikuwa lile lile: mahari iko wapi? Kitabu kilimfanya asikike, lakini mizani haikubadilika. Hata hivyo haifai kudhani kwamba milima hii haikujua kumwona mwanamke penye kiti cha enzi. Kabla ya uhuru wa 1961, Heru ilitawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Wanaume wenye mvi walisimama mbele yake wakangoja neno lake.

Yafaa hapa tutazame nchi nyingine, ili tusidhani kwamba haya ni ya Buha peke yake. Katika Marekani, miji mingi midogo iliyo makao ya wilaya imejengwa kuzunguka nyumba ya mahakama. Nyumba hiyo huwa katikati, na kuizunguka ni uwanja, maduka na miti ya kivuli. Zamani siku za mahakama zilikuwa kama siku za soko. Abraham Lincoln, kabla ya kuwa rais, alikuwa wakili katika Illinois, naye pamoja na hakimu na mawakili wengine walisafiri kutoka mji mmoja mpaka mwingine, na watu wa mashambani walikuja mjini kusikiliza. Mtu wa Buha angaliiona siku hiyo angaliitambua mara moja, akasema: hili ni baraza.

Lakini nyumba hizo nazo zilikuwa na swali lile la nani asikiwe. Katika mji wa Saint Louis, mtumwa jina lake Dred Scott na mkewe Harriet walifungua madai ya uhuru wao mwaka 1846. Kesi ilisikiwa mwaka 1847, ikasikiwa tena 1850, wakashinda. Lakini ushindi wao ukatanguliwa katika mahakama ya juu ya jimbo mwaka 1852. Mwaka 1857 Mahakama Kuu ya nchi ikanena kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia, wala hana haki ya kuleta madai katika mahakama za taifa. Na nje ya nyumba ile ile ya Saint Louis, penye ngazi zake, watumwa waliuzwa kwa mnada katika kugawanya mali ya marehemu. Ngazi zilikuwa moja, lakini mmoja alipanda kutafuta haki na mwingine akasimamishwa kuuzwa. Katika kitabu mashuhuri cha Harper Lee cha mwaka 1960, To Kill a Mockingbird, weusi waliokuja kusikiliza kesi ya mwenzao walikaa juu katika roshani, mbali na weupe. Msomaji aelewa, kabla hakimu hajafungua kinywa, jinsi hukumu itakavyokuwa. Mahali watu wanapokalishwa ni hukumu ya kwanza.

Turudi Kasulu na Kibondo. Baada ya uhuru, mwaka 1963, serikali iliondoa madaraka ya machifu, na sheria ya mahakimu ya mwaka huo ikaweka Mahakama ya Mwanzo mahali pa korti za wenyeji. Hakimu sasa alikuwa mtumishi wa Mahakama, si mtawala, nayo rufani ikafuata njia moja kwa watu wa rangi zote. Lakini wazee hawakutolewa nje. Sheria iliagiza hakimu akae pamoja na washauri, watu wasiopungua wawili, nao wenyeji waliwaita wazee wa baraza. Twaona jinsi maneno mawili ya kale, shauri na baraza, yalivyorudi yakakaa pande mbili za hakimu.

Mwaka 1971 ikaja Sheria ya Ndoa, na hapo ndipo mwanamke wetu alipojibiwa. Sheria hiyo yasema kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haikulipwa, na ya kwamba mtu kumtoroka mwenzake kwa kusudi kwa muda usiopungua miaka mitatu ni ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Yeye aliyengoja sita alikuwa amengoja mara mbili ya kutosha. Sheria hiyo hiyo yaagiza kwamba, kwa kawaida, asije mtu mahakamani kutaka talaka kabla hajapeleka neno lake mbele ya baraza la usuluhishi wa ndoa, ijapokuwa mke asiyejua mumewe yuko wapi haongojeshwi huko. Hivyo baraza limewekwa tena mbele ya mlango wa mahakama, pale pale kilipokuwa kile kibao cha mawe mbele ya nyumba ya pwani.

Katika mashauri ya ardhi imekuwa vivyo hivyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliweka baraza la ardhi la kijiji lenye watu saba, na kati yao watatu ni wanawake. Baraza la kata, kwa sheria ya 2002, lina watu wasiopungua wanne wala kuzidi wanane, na watatu kati yao ni wanawake. Mwaka 2021 baraza la kata liliondolewa uwezo wa kutoa hukumu ya ardhi, likaachiwa kazi ya kupatanisha tu. Lakini shauri haliwezi kupanda kwenye baraza la wilaya mpaka upatanisho umejaribiwa huko kwanza. Wengine waliona kwamba limepunguziwa heshima. Sisi twaona pia kwamba limerudishwa kwenye maana ya kwanza ya neno kuamua: kuingia kati ya watu wanaopigana.

Mwaka huo huo wa 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote za Tanzania, ijapokuwa iliacha nafasi ya kutumia Kiingereza pale haki ihitajipo. Hapo kwanza, Kiswahili kilisemwa katika Mahakama ya Mwanzo, lakini katika mahakama za juu kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza, na mwenye shauri alisomewa hatima yake kwa maneno asiyoyajua. Kazi hiyo ilikuwa njema. Lakini tusisahau yule bibi kizee wa mlimani ambaye Kiha ndicho kinywa chake. Kwake yeye, mkalimani mwaminifu bado ndiye nusu ya haki.

Tumeona, basi, kwamba nyumba ya hukumu katika Buha imekuwa ua wa ukoo, na boma, na korti ya matofali, na mahakama. Kila moja ilichukua kitu na kuleta kitu. Ua ulijua kuwarudisha wagomvi nyumbani wakiwa wamekunywa pamoja, lakini haukumsikia mwanamke. Korti ilimwandika kitabuni, lakini haikumrudisha mtu kwa jirani yake. Aliyeshinda na aliyeshindwa walipita njia moja kwenda kwao bila kusemezana. Kazi iliyobaki kwa wakati wetu si kuchagua moja na kuitupa nyingine, bali kuunganisha kitabu na chungu.

Nasi twawasihi wale wanaokaa katika mabaraza haya, wawe wa kijiji au wa kata, walikumbuke jina la mahali walipoketi. Kufika barazani ni kutokea nje na kuonekana. Mtu akija mbele yao akaondoka bila kuonekana, hata kama nyumba ni nzuri na kitabu kimeandikwa vema, siku hiyo baraza halikukaa.